Kampuni ya sola ikikupa bei kabla ya maswali, kata simu

Tangu nchi nzima iingie gizani ile Ijumaa ya Agosti 25, 2023, vijana wengi mnaofanya kazi mtandaoni mmekuwa mkiwazia sola. Naelewa. Stima ikipotea saa nne usiku, mteja wa ng'ambo hatangoja irudi.

Lakini hebu tuambiane ukweli. Unapiga simu, unasema una nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na kabla hujamaliza jamaa ashakutumia bei kwa WhatsApp: paneli mbili, betri, inveta, tuma pesa. Huyo hajakuundia mfumo wowote. Anakuuzia maboksi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Televisheni ya wati 60 kwa saa 5 ni wati-saa 300. Laptopu ya wati 60 kwa saa 6, 360. Waifai ya wati 10 usiku na mchana, 240. Taa 5 za wati 9 kwa saa 5, 225. Jumla ni 1,125. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400, lakini ukizoea kuimaliza kupita nusu, unaiua mapema. Kwa hivyo hata hiyo inakutosha kwa shida. Sasa fundi akikuletea ya ampea-saa 100 eti kwa sababu iko na ofa, usiku haujakolea uko gizani, na kesho utawaambia marafiki kwamba sola ni uongo. (Ile shawa ya maji moto inayomeza wati 5,000 na zaidi, isahau kabisa.)

Kampuni inayojua kazi itakuuliza haya yote, kisha ipande juu ya paa. Kivuli cha tangi la maji kikilalia paneli moja tu, kinaweza kuangusha nguvu ya safu nzima. Hilo halionekani kwa simu.

Halafu ulizia leseni. Kanuni za umeme wa jua za 2012 zinamtaka fundi awe nayo, na siku hizi hutolewa na EPRA kwa madaraja: T1, T2 na T3. Mwambie akuonyeshe. Hatuulizi, ndiyo maana yeyote mwenye ngazi na drili anajiita injinia.

Kama umepanga, ongea na landilodi kwanza, tena kwa maandishi. Paa ni lake. Na usilipe hata deposti kabla orodha ya vifaa vyako na saa zake haijaandikwa kwenye karatasi ya bei. Betri ikizima mapema, utakuwa na la kumwonyesha.