Kundi Limetua au Wametua?

Msafiri asimamaye Port Bell jioni huwaona yangeyange wakitua mitini kando ya ziwa. Je, aseme kundi la yangeyange limetua, au kundi la yangeyange wametua? Walimu wengi hulifuta jibu la pili kwa wino mwekundu. Twaafikiana nao: kundi ni nomino ya ngeli ya LI-YA, nalo ndilo kiima, hivyo kitenzi hakina budi kulifuata. Tunachokipinga ni kuieneza kanuni hiyo pasipostahili.

Tuangalie kirejeshi. Kundi la ng'ombe lililopotea ni kundi zima lililotoweka, na mchungaji wake yumo njiani akilitafuta. Kundi la ng'ombe waliopotea ni ng'ombe waliopotea mmojammoja, pengine wa wenyewe mbalimbali, kisha wakakusanywa. Miundo yote miwili ni sanifu. Mwanafunzi aliyeandika wa pili akasahihishwa kuwa wa kwanza amesemeshwa jambo asilolikusudia, tena amekatwa alama. Kabla ya kuufuta huo wa-, mwalimu na amwulize alitaka kusema nini.

Hapa Uganda jambo hili si dogo. Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watakaokifundisha ni ninyi. Watoto wa Luzira watakuja darasani na Luganda yao, yenye eggana ly'ente kwa kundi la ng'ombe na ekisibo ky'embuzi kwa kundi la mbuzi, nao watadai maneno mawili. Waambieni kwamba kundi latosha kwa wote hao, na kwa ndege pia.

Kikundi ni habari nyingine. Kwa umbo ni kundi dogo. Kwa matumizi ni cha watu, kama kikundi cha wavuvi au cha kuweka akiba. Mbuzi watatu si kikundi, ila wawe wamekwisha kumchagua mweka hazina.

Nao samaki? Wangali majini, ni kundi. Wakishavuliwa na kupangwa chini mwaloni wakingoja mnunuzi, ni fungu.