Hesabu Iliyofichika Ndani ya Zumu

Katika video za harusi, za matangazo na hata za masomo, siku hizi huonekana sana mpito wa aina moja. Picha ya kwanza hukua ghafla kana kwamba mtazamaji anatumbukia ndani yake, na kabla jicho halijatambua, amekwisha kufika katika picha ya pili. Mafundi wa uhariri huuita mpito wa zumu. Ukifanywa vizuri, kiungo hakionekani. Ukifanywa vibaya, picha huruka kwa kishindo mwanzoni, kisha hujikokota mwishoni kama gari lililoishiwa mafuta.

Vijana wengi wanaohariri video kwa simu huamini kwamba tofauti hiyo hutokana na ubora wa simu au bei ya programu. Imani hiyo si sahihi. Tofauti hutokana na hesabu, tena hesabu inayofundishwa katika shule za sekondari: mfuatano wa namba unaokwenda kwa kuzidisha, pamoja na logarithimu zake. Ni jambo la kusikitisha kwamba somo hilo hufundishwa mara nyingi kana kwamba halina kazi nyingine ila kukokotoa riba ya benki, hali kazi yake nyingine inachezwa mbele ya macho ya wanafunzi kila siku.

Na uchukuliwe mfano wa video yenye fremu 25 kwa sekunde. Picha inatakiwa ikuzwe kutoka asilimia 100 hadi asilimia 400 katika muda wa sekunde 1. Njia ya kwanza, ambayo programu nyingi huifuata zisipoagizwa vinginevyo, ni kuligawa ongezeko la 300 katika hatua 25 zilizo sawa, yaani kuongeza 12 kwa kila fremu. Katika karatasi mambo yanaonekana shwari. Lakini hatua ya kwanza inaikuza picha kutoka 100 hadi 112, na hilo ni ongezeko la asilimia 12 ya kile kilichokuwapo. Hatua ya mwisho inaikuza kutoka 388 hadi 400, ongezeko la asilimia 3 tu. Kwa jicho, mwendo umepungua karibu mara nne, ingawa aliyetayarisha video anaapa kwamba ameongeza kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho.

Njia ya pili ni kuzidisha kwa uwiano ule ule kila fremu. Kuupata uwiano huo hakuhitaji kompyuta. Majedwali ya logarithimu yanatosha. Logarithimu ya 4 ni 0.6021. Ikigawanywa kwa 25 hupatikana 0.0241, ambayo ni logarithimu ya 1.057. Basi kila fremu iwe kubwa kwa asilimia 5.7 kuliko iliyoitangulia. Kwa njia hii, nusu ya muda inapotimia picha imefika asilimia 200, wala si 250 kama ilivyo katika njia ya kwanza, na jicho huona mwendo mmoja usiobadilika.

Sababu imo katika maumbile ya binadamu. Mtaalamu wa Kijerumani Ernst Heinrich Weber, aliyeishi kati ya 1795 na 1878, alionyesha kwamba hisi za mtu hupima tofauti kwa uwiano, si kwa kiasi kitupu. Mchukuzi aliyejitwika gunia hatambui akiongezewa embe moja. Mtoto aliyeshika embe moja hutambua mara moja akipewa la pili.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba zumu ni sawa na kukisogelea kitu. Mtu anayetembea kwa mwendo usiobadilika kutoka mita 4 hadi mita 1 mbele ya mlango, huuona mlango ukikua mara nne pia. Lakini afikapo nusu ya safari, yaani mita 2.5, mlango umekua mara 1.6 tu, sehemu kubwa ya ukuaji humfikia mwishoni. Zaidi ya hayo, atembeaye huona vitu vya karibu vikipanuka upesi kuliko vya mbali, ilhali zumu hukuza vyote kwa kadiri moja. Alfred Hitchcock alizitumia njia hizo mbili kwa pamoja, moja ikienda kinyume cha nyingine, katika filamu yake Vertigo ya 1958, na mtazamaji akahisi kizunguzungu akiwa ameketi kitini.

Hapana shaka kwamba mfano bora kuliko yote ni filamu fupi ya Charles na Ray Eames, Powers of Ten, iliyotolewa 1977. Chanzo chake ni kitabu cha 1957 cha Kees Boeke, mwalimu wa shule huko Uholanzi, na wazo la kitabu hicho lilianzia shuleni kwake, pamoja na wanafunzi. Walimu wanaodhani kwamba sayansi huzaliwa katika maabara kubwa tu na walikumbuke hilo. Filamu yaanza na watu wawili waliopumzika bustanini mjini Chicago, katika eneo la upana wa mita 1. Kisha kila baada ya sekunde 10 eneo linaloonekana huwa pana mara kumi zaidi, hata kufikia mita ambazo namba yake ni 1 ikifuatiwa na sufuri 24. Safari hiyo huchukua sekunde 240. Lau watengenezaji wangeligawa umbali huo kwa hatua sawa za kujumlisha, fremu ya kwanza tu ingelimtupa mtazamaji yapata miaka ya nuru 18,000 kutoka bustanini. Asingeliona ziwa, wala Dunia, wala Jua. Kwa kuzidisha, kila fremu hutofautiana na mwenzake kwa chini kidogo ya asilimia 1, na kila kitu hupata zamu yake.

Filamu hiyo iliungwa kutokana na picha tuli na michoro, na ndiyo maana inamfaa mhariri wa leo. Kiungo hakionekani kwa sababu kasi haibadiliki pale picha mbili zinapokutana. Katika mpito wa video kosa la kawaida ni kuituliza picha ya kwanza kabla ya kukata, kisha kuianzisha ya pili kutoka katika utulivu. Matokeo yake ni kikwazo kama cha tuta barabarani. Yafaa mkato uwekwe pale mwendo ulipo mkali kabisa. Ikiwa picha ya kwanza inakua kwa asilimia 10 kwa fremu inapokatwa, ya pili nayo ianze kwa asilimia 10, kisha ndipo ipungue taratibu hadi kusimama.

Katika kasi hiyo, nukta iliyo umbali wa pikseli 900 kutoka kitovu cha picha husogea pikseli 90 kwa fremu moja, na iliyo umbali wa pikseli 100 husogea 10 tu. Kamera halisi ingeliacha michirizi, mirefu pembezoni na mifupi karibu na kitovu. Programu inayokuza picha zilizokwisha kupigwa haiiachi michirizi hiyo isipoagizwa, na bila hiyo mwendo huonekana wa kukatika-katika.

Ulaini huo una hatari yake katika video za sayansi. Powers of Ten hufika hadi ndani ya protoni, mahali ambapo hapana kamera iliyowahi kupiga picha, na jicho huvuka kutoka picha halisi hadi mchoro bila kujua. Anayetayarisha video ya somo hana budi kuandika neno "mchoro" pale panapostahili.

Wako walimu watakaosema kwamba simu zimekatazwa shuleni, hivyo somo hili haliwezekani. Linawezekana kwa kijitabu cha kupepeta kwa kidole gumba. Mraba uchorwe katikati ya kila ukurasa, ukikua kutoka milimita 10 hadi 80 kwa hatua 12. Katika kijitabu cha kwanza iongezwe milimita 5.8 kila ukurasa. Katika cha pili kila upande uzidishwe kwa 1.189. Kijitabu cha tatu kiwe cha mtu anayetembea: umbali upungue kwa takriban sentimita 58 kila ukurasa, kutoka mita 8 hadi mita 1, na upande wa mraba upatikane kwa kugawa 80 kwa umbali huo. Wanafunzi wataona kwamba mraba hutambaa muda mrefu, kisha ukurasa wa mwisho peke yake huurusha kutoka takriban milimita 51 hadi 80.