Kudurusu Hesabu Visiwani Lamu

Mtihani wa KCSE huangukia karibu na mwisho wa mwaka, katika majira ya matlai, bahari ya Lamu inapotulia na manahodha wanapongoja kaskazi. Kwa vijana wa Lamu, Siyu, Faza na Kizingitini majira hayo si ya utulivu hata kidogo. Somo linalowatia hofu kuliko yote ni Hesabu, na hofu hiyo ina sababu. Tangu mwaka 2023 daraja ya jumla hupatikana kwa kuchukua Hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa ameyafanya vizuri zaidi. Aliyeanguka Jiografia aweza kujisitiri katika somo jingine, lakini alama ya Hesabu haiachwi nyuma. Humfuata mwenyewe hadi mlango wa chuo kikuu, ambako daraja inayotakiwa kwa uchache ni C+.

Tena wakati unakwisha. Wale waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023 ndio wanaofunga msafara huu mwaka 2027, na nyuma yao halipo darasa jingine la mtaala ule ambalo aliyeanguka angeweza kuingia na kurudia.

Karatasi ni mbili, kila moja ya saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, yenye alama 50. Sehemu ya pili ina maswali manane, na mtahiniwa huchagua matano, ya alama kumi kumi. Karatasi ya kwanza huelemea mafundisho ya Kidato cha Kwanza na cha Pili, na ya pili yale ya Kidato cha Tatu na cha Nne. Basi mwanafunzi anayelishika daftari la Kidato cha Nne peke yake, kwa kuwa ndilo jipya, ameziacha karibu nusu ya alama zake chini ya kitanda pamoja na madaftari ya zamani.

Katika mambo ya kudurusu, latitudo na longitudo ndiyo yanayompasa mtoto wa pwani kuliko yote, na ni ajabu kwamba wengi huyakimbia. Mji wa Lamu uko karibu digrii 2 na dakika 16 kusini ya ikweta. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Kwa hiyo ndege atakayeruka moja kwa moja kuelekea kaskazini ataifikia ikweta baada ya maili 136 za bahari, yaani 2 mara 60, kuongeza 16. Hapo hapana taabu. Taabu iko katika safari ya mashariki au magharibi, ambapo maili hizo lazima zizidishwe kwa kosaini ya latitudo. Hapa Lamu kosaini hiyo ni 0.9992, karibu sawa na moja, na anayeisahau haoni hasara yoyote. Lakini mtungaji wa mtihani hapendi kukaa Lamu. Humpeleka mtahiniwa kwenye latitudo ya digrii 60, ambako kosaini ni nusu, na hapo aliyesahau hupata jibu lililozidi mara mbili.

Saa nazo huhesabiwa kwa njia iyo hiyo: dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika nne. Lamu iko karibu digrii 41 mashariki, na saa za Kenya zimepimwa kwa digrii 45. Tofauti ya digrii nne ni dakika 16. Ndiyo sababu jua la Lamu, kwa wastani wa mwaka, hufika juu kabisa saa sita na dakika 16 hivi. Waadhini wanalijua jambo hili bila ya kufungua kitabu cha shule.

Uwiano na sehemu hujifunza vizuri katika mirathi. Mtu akifa akaacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, mke hupata thumni, na iliyobaki hugawanywa mafungu manne, mwana akapewa mawili na kila binti moja. Katika shilingi 320,000 mke atapata 40,000, mwana 140,000, na kila binti 70,000. Mwanafunzi azijumlishe aone kama zinatimia. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karne ya tisa ndicho kilichoipa aljebra jina lake, alitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za urithi na wasia.

Grafu za saini huwatisha wengi, na hali maji hupanda na kushuka mbele ya nyumba zao kila siku. Muda kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kwingine ni karibu saa 12 na dakika 25. Huo ndio urefu wa wimbi la grafu. Ikiwa maji hufika mita 3.6 yakijaa na mita 0.4 yakipwa, kimo cha wimbi ni nusu ya tofauti, yaani mita 1.6, na mstari wa katikati uko mita 2. Wakati wa bamvua kimo huongezeka, wakati wa maji mafu hupungua, na urefu wa wimbi haubadiliki sana. Mvuvi humweleza mwanawe jambo hili kwa maneno machache.

Jambo moja bado huwaponza hasa vijana wenye akili nyepesi. Kijana aliyezoea kuhesabu korija za boriti kwa kichwa, ishirini ishirini, naye hakosei, huandika jibu peke yake na kwenda mbele. Msahihishaji hutoa alama kwa hatua za kazi pamoja na jibu. Aliyeonyesha njia akakosea katika kujumlisha mwishoni hupata baadhi ya alama. Aliyeandika tarakimu moja tu, nayo ikawa imekosewa, hapati hata moja.