Hukumu itaje tarehe ya mwisho ya rufaa

Shangazi yangu ni mkulima wa mpunga karibu na kata ya Ulaya, kwenye barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Miaka michache iliyopita alishindwa kesi ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Hukumu ilisomwa masika. Chini ya ukurasa wa mwisho paliandikwa: “Haki ya rufaa imeelezwa.” Yeye alishika kwamba ana siku 45, na akahesabu kwa vidole bila Jumamosi na Jumapili, maana siku hizo ofisi hufungwa.

Siku ya 41 kwa kalenda akalazwa kwa malaria. Akatoka siku ya 47. Siku tatu zilizofuata maji yalikata barabara, na hakuna bodaboda aliyekubali kumvusha. Siku ya 51 ndipo alipofika mahakamani, na ikambidi kwanza aombe kuongezewa muda. Mimi, mwalimu mstaafu wa hapa Mikumi, nilimsaidia kukusanya vielelezo. Karatasi za hospitali tulikuwa nazo. Za barabara hatukuwa nazo, kwa kuwa hatukujua kwamba mafuriko nayo huhitaji karatasi. Ombi likakataliwa.

Siutetei uzembe. Aliyeshinda kesi naye anataka kulima bila kuangalia nyuma, na ndiyo maana ukomo wa muda upo. Sheria ya migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 inaruhusu muda kuongezwa kwa sababu ya msingi. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya wadhamini wa YWCA, namba 2 la mwaka 2010, ilitaja mambo ya kupimwa: mwombaji aeleze kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii, na kama uamuzi wenyewe una kasoro kubwa ya kisheria, hilo nalo litazamwe. Imekwisha kusema pia kwamba hata siku moja lazima ielezwe. Na kutojua sheria si sababu.

Kipimo hicho nakikubali. Ninacholilia ni kwamba mwenye wakili hukijua siku ya kwanza, naye shangazi alikijua alipokwisha kushindwa.

Kilosa si mahali ambapo mafuriko ni kisingizio. Januari 2010 tuliona mto Mkondoa ukibomoa reli ya kati na kuacha maelfu ya watu kwenye mahema. Mtendaji wa kijiji anajua njia ilikatika lini. Barua yake, au kiapo chake, vipewe uzito uleule wa cheti cha hospitali.

Na kabla ya hapo, hukumu iandike tarehe yenyewe. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria. Basi kuna ugumu gani kuandika, “Mwisho wa kukata rufaa ni tarehe 20 Aprili, ukichelewa, tunza ushahidi wa kila siku”? Ni mstari mmoja wa wino. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mstari huo ungemsaidia mtu asifike kwenye masharti hayo akiwa mikono mitupu.

Barua ya mtendaji tuliipata. Ina muhuri, inataja siku zote tatu ambazo njia haikupitika. Imeandikwa wiki mbili baada ya ombi kukataliwa.