Kabla ya kununua unga wa lozi, angalia mchele ulio nao

Miaka michache iliyopita neno ‘gluteni’ lilikuwa la vitabuni. Leo linasikika saluni, kwenye makundi ya wazazi ya WhatsApp na kwenye rafu za maduka makubwa ya Dar es Salaam, ambako pakiti ndogo ya unga wa lozi kutoka nje inauzwa kwa bei ambayo ingenunua kilo kadhaa za mchele mzuri.

Kliniki nako maswali yamebadilika. Mzazi mmoja anauliza, “Daktari, tumbo la mwanangu haliivani na ngano, nimwokee nini?” Mwingine ana mtoto mwenye mzio wa karanga na ameona mtandaoni keki isiyo na ngano, anataka kujua kama ni salama. Huenda isiwe salama, kwa sababu mapishi mengi ya namna hiyo yametoka nchi ambazo mbadala wa ngano ni unga wa lozi. Unaweza kumwondolea mtoto tatizo moja, ukamwekea jingine kwenye sahani.

Msimamo wangu ni huu: usiiondoe ngano kwenye meza ya mtoto kabla ya vipimo. Vipimo vikionyesha kwamba lazima iondoke, mbadala bora tunao sokoni kwetu. Tusichokuwa nacho bado ni uangalifu wa kuziweka nafaka hizo mbali na ngano na karanga.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayofanya kinyunga cha chapati kivutike na mkate uumuke. Kwa watu wengi haina madhara yoyote. Kwa wenye ugonjwa wa siliaki, gluteni huufanya mfumo wa kinga ushambulie utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi inavyotakiwa. Mtoto huharisha muda mrefu, tumbo hujaa, hakui, na damu yake hupungua hata akipewa dawa za kuongeza damu. Mtu mzima anaweza asiharishe kabisa, akawa na uchovu na upungufu wa damu usioeleweka tu.

Ngano ilijulikana kuwa chanzo kwa sababu ya uchunguzi wa daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Katika njaa ya vita ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini humo, na watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena.

Nasikia mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Inakadiriwa kuwa duniani mtu mmoja kati ya 100 anao, lakini kiwango cha juu zaidi kuwahi kuripotiwa kimetoka Afrika: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta nao zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi waliopimwa, jamii ambayo ngano imekuwa chakula chake kikuu. Sisi nasi tunazidi kula ngano kila mwaka. Chapati iliyokuwa ya sikukuu sasa ni ya kila asubuhi, kwa hiyo daktari anayesema “hapa kwetu haupo” anaweza kumpita mgonjwa aliyekaa mbele yake.

Hata hivyo, mtoto anayeharisha hapa kwetu ana sababu nyingine nyingi za kuangaliwa kwanza: minyoo, vimelea vya maji machafu, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu, au kushindwa kumeng’enya maziwa. Kipimo cha siliaki huanza na damu, kutafuta kingamwili, na mara nyingi hufuatiwa na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Vipimo hivyo vinahitaji mgonjwa awe bado anakula ngano. Ukiiondoa miezi mitatu kabla ya kuja hospitali, majibu yanaweza kuonyesha kwamba hana kitu, na hapo mtoto atabaki na ugonjwa usio na jina, au na masharti ya maisha yasiyo na sababu.

Mzio ni jambo tofauti. Mwenye mzio wa karanga, korosho au hata wa ngano yenyewe anaweza kuvimba midomo, kuota vipele, kutapika, kukohoa na kubanwa pumzi ndani ya dakika chache. Hali hiyo ikifikia pumzi au fahamu, mkimbize hospitali, akalazwe chali njiani, au aketi kama anapumua kwa shida. Dawa yake ni sindano ya adrenalini ya pajani, na vidonge vya mzio havitoshi. Karanga ikikaangwa au kuokwa haipotezi nguvu yake ya kuleta mzio, wala gluteni haifi kwenye mafuta ya moto.

Naongeza hapa onyo la upande wa pili. Wazazi wengine huwanyima watoto karanga kwa hofu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika Uingereza kwa watoto wachanga 640 waliokuwa kwenye hatari kubwa ya mzio, ulionyesha kuwa walioanzishiwa vyakula vya karanga mapema na kuendelea navyo walipata mzio huo kwa kiwango cha chini mno, punguzo la takriban asilimia 80, kuliko walionyimwa hadi miaka mitano. Anayestahili jikoni bila karanga ni yule ambaye tayari ana mzio. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali, au mzio wa mayai, aonwe na daktari kwanza. Na karanga nzima haimfai mtoto mdogo yeyote, maana humpalia.

Sasa twende sokoni. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, uwele, muhogo, ndizi na viazi havina gluteni kwa asili, wala si jamii ya karanga. Pwani yetu imeoka bila ngano tangu zamani. Vitumbua ni mchele, tui na hamira. Mkate wa kumimina ni huohuo mchele, tui, hamira, iliki na ute wa yai. Bibi aliyeupalia makaa juu na chini hakuwahi kusikia neno gluteni, lakini mkate wake ndio ninaowaelekeza wagonjwa wangu.

Kwa anayetaka kuanza: loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, chuja maji, saga kwenye blenda na tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki. Acha uumuke kama saa moja, changanya ute wa yai uliopigwa, mimina kwenye sufuria ya moto iliyopakwa mafuta, kisha oka. Kwa kuwa mchele umesagwa nyumbani kwako, umeepuka pia mashine ya mtaani, ambayo nitaifikia.

Keki nayo inawezekana. Sehemu mbili za unga wa mchele na moja ya unga wa muhogo hushikana vizuri kuliko mchele peke yake. Ongeza yai moja zaidi, acha mchanganyiko utulie nusu saa unywe maji, na tumia chombo kidogo, kwa sababu keki isiyo na gluteni ikiwa kubwa hudidimia katikati. Usiikate ikiwa ya moto. Ulezi unafaa biskuti, na mtama unafaa chapati ukiukanda kwa maji yanayochemka na kuusukuma mnene. Sitakudanganya kwamba itakunjika kama ya ngano. Ni chakula kingine, na mtoto akizoea ataupenda utamu wake.

Nazi wenye mzio wa korosho na lozi wengi huila bila shida, ila wachache hudhurika, hivyo uliza daktari wako. Ufuta uangaliwe kwa makini, nao huleta mzio mkali kwa baadhi ya watu, hadi Marekani iliuongeza mwaka 2021 kwenye orodha ya vyakula vinavyopaswa kutajwa wazi kwenye pakiti.

Mbadala wetu nao una masharti yake. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu ya sianidi. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla, ulizuka wilayani Tarime mwaka 1985 na tena mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa kwa watu waliokula muhogo mchungu ulioandaliwa haraka huku protini ikiwa haba. Muhogo umenywe, ulowekwe siku kadhaa, ukaushwe vizuri. Unga wenye wasiwasi unaweza kuloweshwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba saa tano kivulini au saa mbili juani ili sumu iruke, kisha upikwe siku hiyohiyo. Mahindi yenye ukungu nayo usiyafanyie mzaha: mwaka 2004 nchini Kenya sumukuvu iliua watu 125. Kwa hiyo badilisha unga wiki hadi wiki, usitegemee mmoja.

Na unga wa muhogo au mchele ni wanga mtupu. Mwenye kisukari anayedhani keki “isiyo na ngano” haitampandisha sukari amepotoshwa. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba unga wa ngano wa viwandani hapa nchini huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki. Binti au mama anayeacha ngano na kutumia unga uliosagwa mtaani anakosa nyongeza hiyo, naye anaihitaji hata kabla hajajua kuwa ni mjamzito. Azungumze na daktari kuhusu vidonge.

Nirudi kwenye mashine ya kusaga, maana hapo ndipo juhudi zote huharibikia. Mama anachagua mtama safi, anauosha, anauanika, kisha anaupeleka kwenye mashine iliyotoka kusaga unga wa lishe wenye ngano, soya na karanga. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Kwa hesabu hiyo, kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kinatosha kuharibu zaidi ya kilo kumi za unga wa mtama. Kwa mtoto mwenye mzio wa karanga, masalia ya ndani ya mashine yanaweza kuwa ya kufa na kupona.

Ndiyo maana siungi mkono mtindo wa unga wa lishe wa “nafaka saba” kuwa chakula cha kwanza cha kila mtoto. Akipata vipele au kuharisha, hakuna anayejua ni kipi kati ya saba kilichomdhuru. Anza na nafaka moja, ongeza vingine kimoja kimoja kwa siku kadhaa, karanga ikiwemo, ukimwangalia. Uji wa ulezi wenye maziwa au yai haupungukiwi heshima kwa kuwa na viungo vichache.

Najua kuna watakaosema nawabebesha wauzaji wadogo mzigo wa nchi tajiri. Sidai maabara kwa mama lishe. Nadai mambo yasiyo na gharama kubwa: mwenye mashine atenge siku au mashine moja isiyosaga karanga wala ngano, mfungaji wa unga aandike vyote vilivyomo na kama mashine yake husaga karanga, muuza vitumbua aseme ukweli akiulizwa kama amechanganya ngano, na kama mafuta ni yaleyale ya maandazi. Mteja naye aulize bila aibu. Jibu la “kidogo tu” limewarudisha wagonjwa wengi hospitali.

Nyumbani, weka chekeche, mwiko, ubao wa kusukumia na kopo la unga la peke yake kwa mgonjwa, na mpikie yeye kwanza. Soma maandishi ya beking pauda na viungo vya kusagwa, baadhi huongezewa wanga wa ngano. Kumbuka kuwa suji, tambi na makaroni ya kawaida ni ngano, na kinywaji chenye kimea cha shayiri kina gluteni. Waambie pia mwalimu, shangazi na jirani, kwa sababu mtoto hali nyumbani tu. Mfungie kipande chake cha mkate wa kumimina anapokwenda kwenye sherehe, na ukipata nafasi peleka wa kuwatosha watoto wote, ili asiwe peke yake anayekula chake pembeni.

Ila hayo yote yaje baada ya vipimo. Kama una wasiwasi na mtoto wako, endelea kumpa ngano kama alivyozoea, isipokuwa akiila anavimba au kubanwa pumzi, na umlete kliniki wiki hii.