Msaada wa Ukame Uanzie Mtoni

Kila mvua zinapochelewa katika mkoa wetu wa Katavi, wakulima huulizana neno moja: Serikali itatusaidia nini? Swali ni la haki, maana mkulima hutoa ushuru wa mazao yake, na miji yote hula kwa jasho lake. Lakini jibu tulilozoea kulipokea na kulishangilia twaliona kuwa ni pungufu. Twapewa mbolea ya bei nafuu, twapewa mbegu. Maji yetu yamekwenda wapi, hakuna aulizaye.

Hatuidharau mbolea. Tarehe 8 Agosti 2022, huko Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, na msimu ule mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ukawekewa bei ya shilingi 70,000, ambayo bila ruzuku ingalipita 120,000. Huo ni msaada wa kweli. Lakini mbolea haiufufui mpunga uliokosa maji, itauunguza tu.

Wala mbegu mpya peke yake haitatuokoa. Tazameni minazi ya pwani. Mwaka 1979 Serikali ilianza mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ikaletwa minazi chotara kutoka nje, iliyosifiwa kuzaa mapema na kuzaa sana. Ukame na maradhi vikaishinda mingi, na mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, ule wa mababu, ukastahimili kiu kuliko wageni wale. Somo letu ni hili: kabla ya kumpa mkulima mche, ulizeni mche huo utakunywa nini.

Basi turudi kwetu. Mto Katuma hupita katika mashamba ya Mpanda, huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Wageni hutoka nchi za mbali kuja kutazama viboko waliosongamana katika madimbwi ya matope wakati wa kiangazi. Wao hupiga picha wakafurahi. Sisi yatupasa kuhuzunika, maana matope yale yatuambia kwamba mto umekwisha njiani. Watafiti walioandika habari za mto huu mwaka 2010 walitaja umwagiliaji wa mpunga na mabanio ya huko juu kuwa miongoni mwa sababu kubwa za kukauka kwake. Kumbe ukame wetu si wote utokao mawinguni. Mwingine twautengeneza kwa majembe yetu.

Wako wasemao, "Mto ni wa Mungu, kila mtu achote apendavyo." Neno hilo ni tamu kinywani mwa aliye juu ya mto, aliye chini huachiwa tope. Tena sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza maji ya kunywa na ya nyumbani, kisha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, ndipo yafuate ya kilimo na kazi nyingine. Anayechepusha mto kumwagilia shamba hana budi kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria tunazo, tunachokosa ni mtu wa kuzisimamia bila kutazama uso wa mtu.

Wengine hujibu, "Mkituzuia maji mwatuua kwa njaa." Sivyo. Katika miaka ya 1980, huko Madagaska, padre mmoja Mfaransa, Henri de Laulanié, alifundisha wakulima kupanda miche michanga ya mpunga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, na kulinywesha jaruba kwa zamu badala ya kuligharikisha siku zote. Wakavuna zaidi kwa maji machache. Njia hiyo kwetu huitwa kilimo shadidi, nayo imekwisha kujaribiwa Morogoro. Mbona bwana shamba asiilete katika kila kijiji cha Katuma?

Kwa hiyo twaiomba Serikali, kwa heshima lakini bila kumung'unya maneno: maji ya kila banio yapimwe, na vibali vibandikwe hadharani kijijini tuvisome, mwenye ekari mia aitwe barazani sawasawa na mwenye ekari moja, na fedha za ukame zijenge mifereji isiyovuja na mabwawa ya kukinga maji ya masika, kabla ya kununua mfuko mwingine.

Nasi wakulima tusikae tukingoja. Tujiunge katika jumuiya za watumia maji, tupange zamu na kuzifuata, tuilinde miti ya vyanzo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mto uliokufa hakuna fundi awezaye kuujenga.