Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini asichokonoe kidonda

Kila mwaka, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza na nchi zingine za Ulaya wanalipa pesa ili wakajitolee katika huduma za afya ya akili ng'ambo. Sri Lanka na kisiwa cha Bali, Indonesia, ni kati ya mahali wanapopokelewa. Wanakaa wiki chache, wanachora na kucheza na wagonjwa, kisha wanarudi masomoni. Wengi wanaenda kwa moyo mzuri. Lakini kati ya mgeni na mwenyeji, nani anapona?

Wahami wa vita hapa Kivu wanaelewa swali hilo haraka. Mgeni anamuuliza mama mhami yaliyomkuta njiani, naye anaeleza. Wiki inayofuata anafika mwingine, na karatasi nyingine na swali lilelile. Kidonda kinafunguliwa tena, na aliyekifungua amekwisha panda ndege.

OMS, shirika la afya duniani, pamoja na washirika wake, walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia mwaka 2011. Kazi ni tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha mtu na msaada. Mwongozo huo hauruhusu kumlazimisha mtu asimulie mambo yaliyompata. Kama wataalamu wanakatazwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili ataruhusiwa na nani?

Kuna pia shida ya lugha. Mtu akisema «niko na mawazo mengi», jirani yake anajua uzito wa neno hilo. Mgeni anayepitia kwa mkalimani anaweza kuliandika kama jambo dogo.

Zimbabwe ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2006, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alifundisha bibi wazee wa mtaa wa Mbare kusikiliza wagonjwa kwenye benchi, nje ya kituo cha afya. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita «kufungisisa», yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti juu ya watu 573, uliotolewa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopita kwenye benchi walikuwa na nafuu kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Bibi hao wanaishi mtaani humo. Mgonjwa akirudi kesho, atawakuta.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa ng'ambo asifukuzwe, lakini awekwe mahali pake: nyuma ya muuguzi wa hapa, akijifunza. Asibaki peke yake na mgonjwa, na asipige picha za watu wenye uchungu. Nafasi za staji zipewe kwanza vijana Wakongomani wanaosoma saikolojia, wanaojua lugha na watakaobaki.

Wahami nao wako na haki ya kuuliza kabla ya kufungua mdomo: Nani anakuongoza? Utakaa siku ngapi? Ukienda, nani atabaki na mimi? Majibu yasipotosha, mtu anaweza kukataa kusimulia, na kukataa huko kusimnyime unga wala turubai.

Wazee walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Anayekuja kusaidia roho za watu apewe jembe, na aonyeshwe kwanza shamba ni la nani.